Kiapo Hakifungi Kabati

Taarifa za mwananchi zikivuja kutoka ofisi ya umma, yanayofuata tumeshayazoea. Mkuu wa idara anaita waandishi wa habari, anasikitika, anasema kuna mtumishi mmoja asiye na maadili, amesimamishwa kazi kupisha uchunguzi, na wenzake wote wamekumbushwa kiapo chao cha kutunza siri. Mitandaoni tunadai atumbuliwe. Akitumbuliwa tunaridhika. Hakuna anayeuliza ilikuwaje mtumishi yule akaweza kufungua faili lisilomhusu, akalisoma, akalipiga picha kwa simu yake na kwenda zake nyumbani, ofisi nzima isijue lolote mpaka picha ilipomfikia mwenye faili kupitia kundi la WhatsApp la ukoo.

Mtazamo ulio nyuma ya desturi hiyo ndio ninaoupinga hapa, kwa sababu umekaa sana vichwani mwetu na unaumiza watu. Unasema siri hutunzwa na tabia ya mtu. Ajiri mwadilifu, mwapishe, mpe semina, mtishe kwa kifungo, na siri za wananchi zitakaa salama. Mimi nasema siri inayotegemea wema wa kila anayepita karibu nayo haijatunzwa na mtu. Imeachwa wazi, na kilichobaki ni siku tu.

Wanaoutetea mtazamo huu wana hoja yao, na mara nyingi wanaitoa kwa kumbukumbu. Zungumza na mtumishi mstaafu wa serikali, hasa aliyepitia masjala. Enzi zetu, atakwambia, mtu hakuthubutu. Jalada la siri lilikaa masjala ya siri, na mhudumu aliyelibeba kulipeleka ghorofani hakulifungua hata akibaki nalo peke yake kwenye ngazi. Watu walikuwa na nidhamu. Vijana wa leo, simu mkononi, hawana.

Namheshimu mzee huyo, lakini tumsikilize vizuri anachosimulia. Anasimulia chumba chenye mlango wake na ufunguo wake. Anasimulia jalada lenye namba, na ndani yake kila karatasi imepewa namba ya folio, kiasi kwamba ukichomoa moja pengo linaonekana. Anasimulia daftari la kutolea majalada: limetoka jalada gani, limekwenda kwa nani, tarehe ngapi, limerudi lini, saini. Likikaa sana kwa bosi, mtu wa masjala analifuata mezani kwake. Utaratibu ule ulikuwa na nguvu moja kubwa: ulikumbuka nani alishika nini. Mtumishi wa zamani alikuwa mwadilifu, sikatai, lakini uadilifu wake uliishi karibu na daftari lililomtaja kwa jina. Daftari tumelitupa, sasa tunaulilia uadilifu.

Leo hali ikoje? Kompyuta ya mapokezi imefunguliwa tangu asubuhi kwa jina la mtu mmoja, na watu wanne wanaitumia kwa zamu, kwa kuwa kutoka na kuingia upya kunachelewesha foleni. Nywila imeandikwa kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa chini ya kioo. Kijana aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo hana akaunti yake, hivyo anatumia ya msimamizi. Mwananchi anatakiwa alete nakala za vyeti, mashine ya ofisi imeharibika, anaelekezwa steshenari iliyo ng'ambo ya barabara. Huko cheti chake cha kuzaliwa na kitambulisho chake cha taifa vinaskaniwa na kubaki kwenye kompyuta ya mwenye duka, pamoja na vya wote waliopita wiki ile. Tena kabla hajaingia hata ndani, getini ameshaandika jina, namba ya simu na anakotoka kwenye kitabu cha wageni, chini ya watu waliomtangulia, ambao namba zao amezisoma zote bila kuomba.

Mtafute mwovu katika ofisi hiyo, humwoni. Mlinzi anafuata maagizo. Wa mapokezi anataka foleni isogee. Kijana anajifunza kazi. Wahubirie maadili mwaka mzima, hutabadilisha kitu, kwa sababu kila mmoja wao anaamini anatimiza wajibu wake, na kwa kipimo alichopewa anautimiza kweli.

Kuna watakaosema huo ni umaskini wetu tu, ukosefu wa vifaa. Basi twende Uingereza, ambako vifaa vipo.

Oktoba 18, 2007, mtumishi wa ngazi ya chini katika mamlaka ya mapato ya nchi hiyo, HMRC, katika ofisi iliyoko Washington, kaskazini-mashariki mwa England, alituma diski mbili kwa wakaguzi wa hesabu za serikali mjini London. Ndani yake mlikuwa na taarifa za kila familia iliyokuwa ikipokea posho ya watoto: majina, anwani, tarehe za kuzaliwa, namba za bima ya taifa, akaunti za benki. Watu milioni 25. Diski zilikuwa na nywila lakini maandishi yake hayakufichwa kwa mfumo wa siri, na bahasha ilipelekwa kama barua nyingine yoyote ya ofisi, bila kusajiliwa. Haikufika, na diski zile hazikuonekana tena.

Novemba 20 waziri wa fedha, Alistair Darling, alisimama bungeni kulitangaza jambo hilo, na siku hiyo hiyo mwenyekiti wa HMRC, Paul Gray, akajiuzulu. Lakini aliyezungumzwa zaidi kwa siku nyingi ni yule mtumishi wa chini aliyekiuka taratibu. Maelezo hayo yalikuwa mepesi, na kila mtu aliweza kuyabeba. Kisha mambo yakaanza kujulikana. Kumbe wakaguzi hawakuhitaji akaunti za benki za mtu yeyote. Walikuwa wameomba mapema mwaka huo kwamba taarifa hizo ziondolewe, wapewe yale tu ya kufanyia ukaguzi, wakajibiwa kwamba kuzichuja kungeleta gharama za ziada kwa mkandarasi. Kumbe mwezi Machi faili zima lilikuwa limeshatumwa kwao mara ya kwanza, likafika, likarudi, na hakuna aliyeshtuka. Ripoti ya uchunguzi wa Kieran Poynter kuhusu mkasa huo, iliyotoka Juni 2008, ilionyesha kwamba usalama wa taarifa haukuwa kipaumbele cha uongozi, na chombo huru kilichochunguza mwenendo wa watumishi hakikumwona mtu mmoja wa kubebeshwa kosa.

Sasa chukulia mtumishi yule alikuwa mtu wa Mungu, mcha siri kuliko wote. Bado angezituma diski zile. Alikuwa anajibu ombi halali la chombo halali, na faili lile lilikuwa limeshatumwa hapo kabla. Kosa lilikaa ngazi kadhaa juu yake, kwa aliyeona kuchuja ni ghali, na kwa aliyejenga mfumo unaomwezesha mtu mmoja, kwa mchana mmoja, kunakili taarifa za watu milioni 25 na kuzitia kwenye bahasha.

Kesi inayoniuma kuliko hiyo, hata hivyo, ni ya mtu mmoja. Ni ya muuguzi wa Finland, ambaye hukumu inamtaja kwa herufi moja tu, I, ili kumsitiri.

Aligundulika kuwa na virusi vya UKIMWI mwaka 1987. Kuanzia 1989 alifanya kazi kwa mikataba ya muda katika kliniki ya macho ya hospitali ya umma, na katika hospitali hiyo hiyo alikuwa akihudhuria kitengo cha magonjwa ya kuambukiza kama mgonjwa. Mwanzoni mwa 1992 akaanza kuhisi kwamba wenzake kazini wanajua. Wakati ule mtumishi wa hospitali aliweza kufungua kumbukumbu za mgonjwa yeyote. Alimweleza daktari wake, na hospitali, kwa haki yake tuseme, ilibadilisha mambo: wakaruhusiwa kufungua wanaomtibu tu, na yeye akaandikishwa kwa jina la bandia. Lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Mwaka 1995 mkataba wake ulipoisha haukuongezwa.

Akauliza swali ambalo kila mmoja wetu angeuliza: ni nani aliyefungua faili langu? Akajibiwa kwamba haiwezekani kujua. Mfumo ulihifadhi mara tano za mwisho tu faili lilipofunguliwa, tena ulionyesha kitengo, mtu haukumwonyesha, na hata hizo tano zilifutika faili liliporudishwa kwenye hifadhi. Akaenda mahakamani. Mahakama za nchi yake zikamwambia kile ambacho zingemwambia mahakama za nchi nyingi: mdai ni wewe, thibitisha. Akashindwa. Angethibitisha kwa kitu gani? Ushahidi pekee ulipaswa kuwa mikononi mwa anayelalamikiwa, na anayelalamikiwa hakuwa ameutunza.

Julai 17, 2008, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliyoko Strasbourg ikampa ushindi. Hoja yake inafaa kusomwa polepole na kila mwanasheria wa serikali wa Dodoma na Nairobi. Mahakama ilisema kumtwisha mama huyu mzigo wa kuthibitisha ni kupuuza kwamba upungufu wa kumbukumbu za hospitali ndio uliomnyima ushahidi. Kama hospitali ingedhibiti nani anafungua mafaili, au ingeweka orodha ya kila aliyefungua, asingefikia hali ile. Na haitoshi nchi kuwa na sheria ya kudai fidia baada ya siri kutoka. Inatakiwa kuwe na kinga ya vitendo, inayozuia isitoke.

Mahakama hiyo haikumtafuta aliyechungulia. Hakuna karani, muuguzi wala daktari aliyetiwa hatiani katika shauri lile. Nchi nzima ilihukumiwa kwa kukosa daftari. Finland ilikuwa na sheria za kutunza siri za wagonjwa, ilikuwa na watumishi waliofundishwa miiko ya kazi yao, na huenda wengi wao walikuwa watu wema kabisa. Vyote hivyo havikumsaidia mama yule siku alipotaka kujua ni nani, kati ya wale anaokunywa nao kahawa, aliyeyasoma maisha yake.

Hapa ndipo hoja ya adhabu kali inapoanguka. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na mtu anayetoa taarifa za mwenzake kinyume cha sheria anaweza kufungwa hadi miaka 10. Ni adhabu kubwa, nami siipingi. Lakini ili umfunge mtu lazima kwanza umjue. Katika ofisi ambako wanne wanatumia akaunti moja, utamfunga nani? Utamfunga yule ambaye jina lake liko kwenye akaunti, ambaye pengine siku ile alikuwa likizo ya uzazi. Au utamchukua aliye mnyonge kuliko wote, kwa kawaida mhudumu au kijana wa mkataba, kwa kuwa hana wa kumsemea. Adhabu kali juu ya mfumo usiokumbuka inazalisha woga na uonevu, na siri zinaendelea kutoka.

Tukumbuke pia kwamba nchi zetu zimejua siku nyingi kutunza siri, zile zinazozihusu zenyewe. Tanzania ina Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, Kenya ina sheria yake ya siri za serikali ya tangu miaka ya 1960. Barua yenye mhuri wa SIRI ina njia yake, bahasha yake na mtu wake wa kuipokea. Kipimo cha damu cha mama wa Tandale hakina mhuri. Kwa hiyo nikiambiwa kwamba udhibiti wa namna hii hauwezekani katika mazingira yetu, sikubali. Umewezekana kwa nusu karne pale ilipotakiwa kuilinda serikali. Naomba umfikie na mwananchi.

Hoja nyingine husema tatizo liko kwa watumishi wa chini, wenye elimu ndogo na mishahara midogo, wanaoshawishika kwa elfu ishirini. Yaliyotokea Singapore yanaivunja hoja hiyo. Januari 2019 wizara yake ya afya ilitangaza kwamba taarifa za watu 14,200 wanaoishi na VVU zimewekwa mtandaoni, raia 5,400 na wageni 8,800. Aliyeziweka alikuwa mwenza wa daktari aliyewahi kuongoza kitengo cha taifa cha afya ya jamii, na wizara ilisema inaamini daktari huyo hakuzitunza inavyotakiwa. Mkuu wa kitengo, msomi, mwenye kiapo cha udaktari juu ya kiapo cha utumishi. Kilichobadilishwa baada ya taarifa kuchukuliwa, kabla hata hazijawekwa mtandaoni, kinaonyesha kilichokuwa kinakosekana: kuanzia 2016, kupakua taarifa kutoka kwenye rejesta ile kulihitaji idhini ya watu wawili, na mwaka uliofuata flashi za binafsi zikazuiwa kwenye kompyuta za wizara. Mambo hayo hayamfanyi mtu kuwa mwema zaidi. Yanamzuia mmoja asitoke na taarifa za wote mfukoni.

Halafu kuna mtumishi ambaye wahubiri wa maadili hawamfikirii kabisa, naye ndiye ninayemhofia zaidi: mtumishi mtiifu.

Februari 2015 Rais wa Kenya wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliagiza makamishna wa kaunti wakusanye taarifa za watoto wa shule wanaoishi na VVU na walezi wao, pamoja na za wajawazito na wanaonyonyesha wenye virusi. Lengo lililotajwa lilikuwa kuwafikishia huduma. Hebu fuata agizo lile linavyoshuka, kutoka ofisi ya kamishna hadi kwa chifu, hadi kwa mwalimu mkuu, hadi kwa mwalimu wa darasa mwenye karatasi yenye mistari na jina la mtoto wa miaka tisa juu yake. Karatasi hiyo italala wapi usiku? Itapita mikono mingapi kabla ya kufika makao makuu ya kaunti? Kila mmoja katika mnyororo huo angekuwa ametii kazi. Shirika la KELIN na wenzake wakaenda Mahakama Kuu, na Desemba 2016 ikaamuliwa kwamba agizo lile lilivunja Katiba, ikiwemo haki ya faragha ya kifungu cha 31, na kwamba majina yaliyokwisha kukusanywa yafichwe kwa alama ili yasiweze kumhusisha mtu na hali yake.

Semina ya maadili ingemsaidia nini mwalimu yule? Ingemfundisha kumtii mkubwa wake. Mfumo ambao tangu mwanzo haukusanyi jina pale inapotosha idadi ungemwokoa yeye na mtoto pia. Kenya hiyo hiyo, Oktoba 2021, Mahakama Kuu ilisema serikali ilikosea kusambaza kadi za utambulisho za Huduma bila kwanza kupima athari zake kwa faragha, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka. Mara mbili ndani ya miaka mitano mahakama iliikumbusha serikali jambo lile lile: swali la kwanza ni kama taarifa hii inahitajika, na swali la uaminifu wa anayeishika huja baadaye.

Wapenda teknolojia wananiambia nisihangaike, karatasi zinaondoka, kila kitu kinaingia kwenye mfumo, na mfumo hauna udaku. Wanasahau kwamba kabati la chuma liliweza kufunguliwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja, aliyesimama mbele yake na kuonekana. Mfumo unafunguliwa na watu elfu moja kwa pamoja, kutoka mikoa yote, na hakuna anayemwona mwenzake. Hofu yetu yote tumeielekeza kwa wadukuzi wa nje, kwa sababu wanatisha na hawana sura. Mpwa wako aliyeajiriwa halmashauri ana sura, na ana akaunti halali.

Machi 2008 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikiri kwamba mafaili ya pasipoti ya wagombea urais watatu, Barack Obama, Hillary Clinton na John McCain, yalifunguliwa na watu wasiokuwa na sababu ya kikazi. Ilijulikana kwa sababu kengele iliwekwa kwenye majina ya baadhi ya watu wakubwa. Mkaguzi mkuu wa wizara akachukua majina 150 ya watu mashuhuri, akakuta mafaili ya 127 kati yao yalikuwa yamefunguliwa angalau mara moja tangu 2002, mengine mara nyingi mno. Hayo ni ya mashuhuri. Fundi bomba wa Ohio aliyechunguliwa na jirani yake mwenye kazi wizarani hakuwa na kengele, na mkaguzi hakumtafuta. Ndiyo maana sikubaliani na wanaodai ulinzi maalumu kwa mafaili ya viongozi na wasanii. Waziri ana wakili na ana waandishi wa habari. Binti aliyekimbia ndoa Shinyanga na kujiandikisha upya Mwanza ana usiri wa anwani yake tu, na ndugu wa mumewe anaweza kuwa amekaa kwenye kompyuta inayoijua.

Na wapo wanaosema haya yote ni mambo ya kuiga. Kwetu, wanasema, watu wanajuana, mgonjwa anatembelewa na mtaa mzima, faragha ni anasa ya wazungu. Sijui kama waliowahi kukaa na watu wanaotumia dawa za kufubaza virusi wanaweza kusema hivyo. Wapo wengi wanaoiacha kliniki ya tiba na matunzo iliyo jirani na kwao na kupanda basi hadi wilaya nyingine kuchukua dawa, kwa sababu hiyo ya jirani ni mahali ambapo shemeji yao anafanya kazi. Wanalipa nauli ya kwenda na kurudi, wanapoteza siku ya biashara, na mwezi ambao nauli haipo wanakosa dawa. Hao hawajafundishwa faragha na mzungu yeyote. Wanainunua kwa nauli kwa kuwa ofisi yetu imeshindwa kuwapa bure. Na anayekosa dawa anadhurika mwilini, kabla hata siri haijatoka, kwa hofu tu kwamba inaweza kutoka.

Pingamizi moja nalichukulia kwa uzito, nalo linatoka kwa madaktari. Ukiweka makufuli mengi, wanasema, mgonjwa atakufa mapokezi tukisubiri ruhusa ya kufungua faili lake. Ni kweli, na ndiyo sababu mimi sidai makufuli kwanza. Nadai daftari. Daktari wa zamu anayempokea majeruhi saa nane usiku afungue faili lolote analolihitaji, papo hapo, bila kumwomba mtu. Lakini mfumo uandike kwamba ni yeye, saa ngapi na kwa sababu gani, na majeruhi akipona aweze kuona. Daktari mwenye sababu hapotezi hata dakika. Anayepoteza ni aliyefungua faili la mke wa mwenzake.

Estonia wanafanya hivyo. Raia anaingia kwenye tovuti ya serikali kwa kitambulisho chake cha kielektroniki, anaona ofisi ipi ilisoma taarifa zake na lini. Kwenye mfumo wa afya anaona daktari gani alifungua faili lake. Akiona jina asilolielewa anauliza, na ofisi inalazimika kujibu. Wapo askari na watumishi wa afya waliowajibishwa kwa kuchungulia. Nchi ile ina watu wapatao milioni 1.3, pungufu ya wakazi wa mikoa yetu mingi, najua. Ila kuandika nani alifungua faili ni kazi ambayo programu yoyote ya leo inaiweza; huenda mingi ya mifumo yetu inaandika orodha hiyo tayari, nayo inalala kwenye seva bila mtu kuisoma, na mwenye faili haruhusiwi kuiona.

Sheria zetu mbili, ya Tanzania na ya Kenya, zinampa mwananchi haki ya kujua ni taarifa gani zake zinashikiliwa na kwa madhumuni gani. Ziongezewe kanuni mbili. Ya kwanza: kila taasisi ya umma yenye kumbukumbu za afya, za utambulisho, za watoto au za kodi iandike kila mtu anayezifungua, kwa jina lake na akaunti yake mwenyewe, na mwenye kumbukumbu apewe orodha hiyo akiomba, bila malipo na bila kuandika barua kwa mkurugenzi. Ya pili ndiyo ninayoijali zaidi, na ndiyo funzo la muuguzi yule wa Finland: taasisi ikishindwa kuonyesha ni nani alifungua, mzigo wa kuthibitisha uhamie kwake. Mwananchi aonyeshe tu kwamba siri yake imetoka na kwamba ofisi ile ilikuwa nayo. Baada ya hapo taasisi ndiyo ieleze, na ikishindwa ilipe, kutoka bajeti ya taasisi, na mkuu wake aulizwe bungeni kwa nini.

Kanuni hiyo ya pili ikipita, hakuna atakayehitaji kuwashawishi wakurugenzi wanunue leseni za akaunti, waondoe karatasi za nywila chini ya vioo, au wafunike kitabu cha wageni. Mhasibu wao mkuu atawaambia. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyozinduliwa Aprili 2024, na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya, zinaweza kuanza na kliniki za tiba na matunzo na wodi za wazazi, kwa kuwa huko ndiko siri moja inaweza kumfukuza mtu nyumbani kwake. Zianze na mkoa mmoja au kaunti moja ikibidi, na orodha ya nani alifungua faili iwekwe mahali ambapo mgonjwa anaweza kuiomba dirishani, akasomewa kwa lugha anayoielewa.